Uso, Ume na Hana: Siku Saba Nyuma ya Ndege wa Karatasi

Januari 22

Ndege imetua Narita asubuhi, nami nimeshuka na koti la mtumba ambalo aliyeniuzia aliniapia kuwa lilivaliwa na Mrusi. Kama ni kweli, basi Mrusi huyo alikufa kwa baridi. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri na skafu mbili mkononi. Tulipotoka nje ndipo akakumbuka kuniamkia, na shikamoo yake ikatoka mdomoni na mvuke. Nikaitikia marahaba, nayo ikafuka vilevile.

Yeye anasomea uhandisi hapa Tokyo na amepanga chumba Kameido, mashariki mwa jiji. Mimi nachapa fulana Kariakoo, huu ni mwaka wa kumi na moja: fulana za timu, za kipaimara, za misiba, za kampeni. Kilichonileta huku ni yangeyange. Miaka miwili iliyopita alinitumia kwenye simu picha ya yangeyange kwenye theluji, kazi ya mchoraji wa Kijapani, Ohara Koson, iliyochapwa kwa vibao vya mti. Nikaivuta kwa vidole mpaka ikaanza kupasuka vidoti. Ndege mweupe, juu ya theluji nyeupe, na bado manyoya unayaona moja moja. Mimi nikitaka nyeupe natia rangi nyeupe kwenye skrini ya kuchapia, tena mara mbili, maana ya kwanza hunywewa na kitambaa. Huyu alitia nini? Nikaanza kuweka akiba.

Leo sina zaidi. Nimekula wali na samaki, nikalala saa kumi na mbili jioni kama kuku.

Januari 23

Harajuku ni mtaa wa vijana wenye nywele za rangi ya juisi. Lakini ukiingia kichochoro kimoja nyuma ya barabara kubwa ya Omotesando, kelele zinakatika ghafla, unakuta Makumbusho ya Ota. Ota Seizo alikuwa mtu wa biashara ya bima. Alikusanya picha hizi za kuchapwa kwa vibao maisha yake yote, zaidi ya 12,000, akafariki 1977. Makumbusho yakafunguliwa hapa mwaka 1980.

Nilidhani nitaziona hizo 12,000. Zilizotundikwa ni chache tu, tena ndani giza kama chumba cha mgonjwa wa surua. Nikanung'unika. Mdogo wangu akanisomea bango: picha hizi mwanga unazila. Waridi yao ya zamani ilitoka kwenye maua ya kartamu, na bluu moja waliikamua kwenye kiua cha porini. Zote mbili hufifia zikiangaliwa sana. Kwa hiyo kila picha hutolewa muda mfupi, kisha inarudi kulala kwenye sanduku. Nikawafikiria wateja wangu wanaoanika fulana juu ya bati saa saba mchana, halafu wananiletea lawama.

Picha za namna hii wanaziita *kacho-e*, picha za ua na ndege. *Cho* ni ndege. *Ka* ni ua, na herufi hiyohiyo ikisimama peke yake inasomwa *hana*. Kila mdogo wangu aliponyoosha kidole na kusema "hana", mimi masikio yangu yaliuliza: hana nini?

Niliyemganda ni Hiroshige, mchoraji wa karne ya 19. Wengi wanamjua kwa mvua na madaraja, lakini alichora ndege kwa mamia, hasa miaka ya 1830, kwenye karatasi ndefu nyembamba iliyofuata umbo la vipande ambavyo Wajapani huandikia mashairi. Na shairi lenyewe limo, limeandikwa pembeni ya tawi. Shomoro na mianzi, mbayuwayu na mierebi, bata bukini na mwezi. Hawachanganyi hovyo, kila ndege ana ua lake na msimu wake, kama vile pilau ilivyo na kachumbari. Nilisimama pale nikasema kimoyomoyo, hii ni kanga. Ina picha, ina jina, na asiyejua kusoma jina amepata nusu. Na kanga yenyewe ni jina la ndege, tena kuna wakati kanga zetu nyingi zilichapwa hukuhuku Japani zikaletwa kwetu kwa meli.

Jambo jingine nililoambiwa leo limenikaa. Picha moja ilipitia watu wanne: mchoraji, mchongaji wa vibao, mchapaji, na mwenye duka aliyetoa mtaji. Iliuzwa bei ya karibu na bakuli la tambi mtaani. Kwenye karatasi wanaandikwa mchoraji na mwenye duka. Mchapaji, mara nyingi, hana. Hapo *hana* ni ya Kiswahili.

Januari 24

Leo sikutafuta picha, picha zimenitafuta.

Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chumbani kwetu kuna hekalu la Kameido Tenjin, na tarehe 24 na 25 Januari kila mwaka kuna shughuli ya kubadilisha ndege. Ndege mwenyewe ni wa mti, amechongwa kwa mkono, mnene kama kidole gumba na shingo hana, kapakwa nyeusi, nyekundu na kijani. Ni jamaa ya chiriku. Kijapani anaitwa *uso*. Na *uso* maana yake nyingine ni uongo. Basi watu wanakuja na ndege wao wa mwaka jana, wanamrudisha, wanachukua mpya, na mabaya yote ya mwaka uliopita yanageuka kuwa uongo, hayakutokea. Kwetu uso ni sura, kwao uso ni uongo. Nimekutana na watu ambao lugha zote mbili zinawafaa.

Foleni ilikuwa ndefu, wazee kwa wanafunzi. Wanafunzi kwa sababu anayeabudiwa pale ni Sugawara no Michizane, msomi aliyefariki mwaka 903 uhamishoni, ambaye sasa ndiye huombwa na kila mwenye mtihani. Alipenda sana miplamu, kwa hiyo hekalu limepandwa miplamu. Mplamu Kijapani ni *ume*. Tukiwa katikati ya foleni mdogo wangu akaona tawi lenye maua mawili matatu ya kwanza, akapiga ukelele: "Kaka, ume umechanua!" Nikashukuru Mungu hakukuwa na Mswahili mwingine pale.

Kwenye tawi hilo akaja ndege mdogo wa kijani, anafyonza maua. Nikajifanya mjuzi: huyu ndiye *uguisu*, maana kwenye picha *uguisu* na *ume* ni kama chai na maziwa. Mdogo wangu akacheka. *Uguisu*, akasema, ni ndege wa rangi ya vumbi anayejificha vichakani, unamsikia humwoni. Huyu wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ni *mejiro*, na Wajapani wenyewe huwachanganya. Nikamtazama vizuri. Nyumbani nimeona jamaa zake wengi, na Pemba wana wa kwao ambaye hapatikani kwingine duniani.

Kuhusu *uso*, Hokusai, mchoraji mwingine wa enzi za Hiroshige, alimchora mwaka 1834: ndege mmoja anayening'inia kichwa chini kwenye tawi la mcheri, nyuma yake bluu tupu. Bluu hiyo ilikuwa ya kiwandani, kutoka Ulaya, na ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kushuka bei. Ukishaijua unaiona kila mahali katika picha za miaka ile. Wachapaji tuko hivyo. Rangi mpya ikiingia sokoni, mji mzima unavaa hiyo.

Hekalu hili lina madaraja ya mgongo wa ngamia, na Hiroshige alilichora moja mwaka 1856 na maua ya wisteria yakining'inia kama mikufu. Hapa nina umbea. Katika baadhi ya nakala za picha ile, bluu ya bwawa imepanda mpaka chini ya upinde wa daraja, mahali palipotakiwa kuwa anga. Mchapaji alipaka rangi pasipo pake. Baadaye ikarekebishwa. Niliposikia hayo nilijisikia niko nyumbani.

Jioni tulitafuta bustani ya miplamu ambayo Hiroshige aliichora mwaka 1857 na van Gogh, mchoraji Mholanzi, akainakili kwa rangi za mafuta miaka 30 baadaye. Haipo. Mafuriko ya 1910 yaliimaliza. Limebaki jiwe la kumbukumbu, na magari yanapita.

Januari 25

Siku niliyoijia.

Stesheni inaitwa Mejiro, jina la yule ndege wa jana, ingawa mtaa umelipata kwa sanamu ya hekaluni yenye macho meupe. Huko ndiko iliko Taasisi ya Adachi, karakana iliyoanza 1928 na inayochonga na kuchapa upya kazi za kale kwa mikono. Tuliketi watu kama ishirini, mbele yetu fundi kijana amekaa chini kwenye mto, miguu ameikunja, meza yake imeinama kuelekea mbali naye. Inainama hivyo ili uzito wa mwili uende na mkono.

Kibao ni cha mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Mchoro wa kwanza wa mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya kibao, mchongaji anachonga akiupitia, na mchoro unakufa hapohapo. Nilimwomba mdogo wangu aulize mara ya pili kama nimesikia sawa. Ndiyo. Ule wa mkono haubaki. Kinachobaki ni mistari iliyosimama kama mishipa. Kisha kila rangi inachongewa sehemu yake.

Fundi akachukua brashi ya nywele za farasi. Ncha zake huzilainisha kwa kuzisugua kwenye ngozi kavu ya papa. Nikatabasamu. Kwetu papa anaingia jahazini kwa sifa ya maini yake, huku anaingia karakanani kwa ngozi. Akadondosha rangi ya maji kwenye kibao, na tone la uji wa wanga wa mchele, akapiga brashi haraka huku na huku. Karatasi ni ya magome ya mforosadi wa karatasi, imetiwa gundi na shabu ili isinywe rangi kupita kiasi, na ina unyevu kidogo, kama nguo unayotaka kuipiga pasi. Akaishika kwa vidole vya mikono yote miwili, akaishusha.

Hapa niliinuka mpaka wa nyuma yangu wakalalamika.

Kwenye kona ya kila kibao kuna kijipembe kilichochongwa kama herufi L, na mbele kidogo kijimstari kimoja kilichonyooka. Basi. Karatasi inaingia kona, inagusa mstari, inalala. Kila kibao cha kila rangi kina alama hizo mbili mahali palepale. Zinaitwa *kento*. Mimi nina fremu ya chuma, bawaba, skrubu nne, na mwaka juzi nilichapa fulana 200 za shule moja ambazo nyekundu ilihama milimita tatu. Simba wa nembo akatoka na midomo miwili. Nilizilipa zote. Huyu ana kona na mstari, na karatasi iliyolowa, ambayo inatanuka na kusinyaa kadiri inavyokauka. Nikauliza, unyevu ukibadilika? Akajibu kwamba anazipunguza *kento* kidogo kwa patasi au anazijazia kipande cha mti. Alisema kana kwamba anaeleza namna ya kufunga kamba za viatu.

Cha kusugulia kinaitwa *baren*. Kwa nje ni kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, na ndani kuna kamba iliyosokotwa kwa ganda hilohilo na kuzungushwa kama jamvi la duara. Kila mara anakipitisha kwenye kitambaa chenye mafuta ya kamelia, ua ambalo Hiroshige alilichora na shomoro kwenye theluji. Anasugua mgongo wa karatasi akiegemea kwa bega. Zamani karatasi 200 ndizo zilihesabiwa kazi ya siku.

Waliuliza nani anataka kujaribu. Mdogo wangu alikuwa ameshaninyooshea kidole.

Nilisugua kwa nguvu zangu zote za Kariakoo. Nilipoinua karatasi, bluu ilikuwa na vidoti vyeupe kila mahali. Fundi akasema neno moja, watu wakacheka kwa upole. *Goma*. Ufuta. Nilikuwa nimechapa ufuta. Rangi kidogo mno, mkandamizo haukuwa sawa. Akaongeza kwamba kuna wanaoufanya ufuta kusudi, wakitaka ukungu au ukuta mkuukuu, na nadhani alisema hivyo kunifariji.

Ndipo nikauliza la yangeyange. Fundi hakujibu. Alichukua kibao kikavu, hakutia rangi, hakutia maji, akalaza karatasi, akasugua. Akaiinua na kuilaza kwenye mwanga wa dirisha. Manyoya yalikuwepo, yote, yamebonyea kwenye karatasi tupu. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Ukiiinamisha, ndege anatokea.

Kwa hiyo hakutia kitu. Miaka miwili nimekuwa nikiuliza rangi gani.

Januari 26

Nilitaka kupumzika, mdogo wangu akasema amekwishalipa tiketi. Treni ya kasi mpaka Nagano, karibu saa moja na nusu, halafu treni ndogo ya mashambani mpaka Obuse. Theluji ya kwanza maishani mwangu nimeikanyaga pale stesheni. Inalia chini ya kiatu kama unga wa muhogo unapoushindilia gunia.

Obuse ni mji wa njugu za miti ya chestinati. Wali wake una chestinati, keki chestinati, hata aiskrimu. Hokusai alifika huku akiwa na zaidi ya miaka 80, kutoka Edo, yaani Tokyo ya zamani, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 na milima juu yake, kwa mwaliko wa tajiri mmoja wa hapa, Takai Kozan. Picha za makumbusho yake nilizipita haraka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Lakini dari ya hekalu la Ganshoin siipiti haraka.

Ni ndege mmoja tu. *Ho-o*, ndege wa hadithi, amejikunja akajaza dari yote, eneo la mikeka 21 ya tatami. Si chapa, ni rangi ya mkono kwenye mbao, na ilimalizika 1848, mwaka mmoja kabla ya Hokusai kufariki. Wanasema anakutazama popote uendapo. Nikahamia kona nyingine, kweli, jicho likaja. Rangi haijawahi kurudiwa, nayo bado ni nyekundu ya damu na kijani cha mgomba. Mzee wa karibu miaka tisini, na kipaji chote cha kuacha nafasi tupu alichokionyesha kwenye karatasi, hapa hakuacha hata pa kuweka kikombe. Samahani kwa mashabiki wake: mimi nampenda zaidi yule *uso* mmoja na bluu yake.

Januari 27

Mafua. Supu, blanketi, mvua dirishani. Mdogo wangu ameenda chuo. Nimemweka *uso* wa mti juu ya kikombe, nikajaribu kumchora kwa kalamu ya risasi. Ametoka kama kiazi.

Januari 28

Jimbocho ni mtaa wa vitabu vikuukuu, duka kwa duka, na katikati yake kuna wauza picha. Tuliingia kwenye moja, ghorofani, mzee mmoja na hita yake. Mdogo wangu alimweleza kwamba mimi ni mchapaji. Nilitaka kumkanusha, nikanyamaza.

Mzee akavuta droo, akatoa Koson. Yangeyange.

Huyu Koson alizaliwa Kanazawa mwaka 1877. Kuanzia 1926 alifanya kazi na Watanabe Shozaburo, mwenye duka ambaye stoo na vibao vyake viliteketea kwenye moto wa tetemeko la Septemba 1923, akaanza upya. Ndege wake wengi waliuzwa Marekani, na kwao jina lake likasahaulika kwa muda mrefu, alifariki 1945. Niliyajua haya yote, nikayasahau yote. Mzee aliishika karatasi kwa pembe mbili, akaiinamisha polepole kuelekea taa. Shingo ikainuka. Kifua kikainuka. Manyoya ya mgongoni, marefu, membamba kama nyuzi za mkonge, yakapita kwenye mwanga moja baada ya jingine, kisha yakazama.

Bei yake ilikaribia nauli yangu ya kuja. Mzee aliliona hilo usoni mwangu, uso wa Kiswahili. Hakunicheka. Aliigeuza karatasi akanionyesha mgongo wake.

Nyuma kulikuwa na miviringo hafifu, mistari ya *baren*, imepita na kurudi, imekazana zaidi pale palipokuwa na anga jeusi. Akasema kitu. Mdogo wangu akatafsiri: wachapaji wanapenda kutazama huku.

Nikanunua kilichonitosha: ukurasa mmoja uliochomoka kwenye kitabu cha ndege mia cha Kono Bairei, mchoraji wa Kyoto, cha mwaka 1881. Una mkunjo katikati na matundu ya uzi pembeni, na doa la chai, au nadhani ni chai. Yen elfu tatu. Mzee aliufunga katikati ya kadibodi mbili kama anavyofungwa mtoto mchanga.

Usiku tumepanga begi. *Uso* yuko ndani ya soksi. Ukurasa nimeutoa tena, nimeulaza kifudifudi chini ya taa ya meza.

"Kaka, picha iko upande wa pili."

"Najua. Sogea, unanizibia mwanga." Nikamwonyesha kwa ncha ya ukucha, bila kugusa. "Ameanzia hapa, kushoto. Amekwenda, amekwenda... hapa mkono umegeuka."